Shangazi, nimwambie mama ni nani aliyekaa na ndugu yangu?

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mkaazi wa Kisauni, umri wangu miaka 36, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nina mke na watoto wawili. Swala tano sikosi. Nalisema hili mapema usije ukanidhania nimepotea.

Ndugu yangu mdogo, tumbo moja, alikwenda Marekani akawa dereva wa teksi California. Mwaka jana alipatikana na saratani ya ini, na ilipojulikana ilikuwa imeshaenea. Mimi viza nilinyimwa. Mama miguu haimruhusu hata kuvuka Likoni, seuze Marekani. Basi tukabaki na simu.

Huko hospitalini alikuwa akijiwa na mama mmoja wa Kimarekani, kichwa kimenyolewa, si daktari wala si nesi. Wao humwita chaplaini, mtu wa kuwaliwaza wagonjwa kiroho. Dini yake ni ya Budha. Nilipojua nilikasirika, nikamwambia ndugu yangu amfukuze. Akanijibu, "Huyu hanihubirii. Wengine wakiingia hapa waangalia mashine, yeye yuwaniangalia mimi." Nikanyamaza.

Mama huyo ndiye aliyesoma kwenye faili kwamba mgonjwa ni Muislamu, akatafuta msikiti, na imamu akaja mara mbili. Usiku wa mwisho hali ilibadilika ghafla na imamu alikuwa mbali. Mama huyo akanipigia akaniuliza sisi tungependa nini kifanyike. Nikamtumia Yasini kwa WhatsApp, akaiweka karibu na sikio la ndugu yangu, akakaa naye mpaka roho ikatoka. Shahada anasema hakuisikia, lakini midomo ilikuwa ikitikisika. Waislamu wa huko walimuosha, wakamsalia, wakamzika.

Sasa shida. Ami yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, ametukataza kumtaja mama yule mbele ya mama yetu. Asema ni aibu kijana wa Kiislamu kufia mikononi mwa mwanamke kafiri, na huenda hata kifo chenyewe kimeharibika. Mama naye kila siku yuwaniuliza, "Nani alikuwa naye? Alikuwa peke yake?" Mimi namjibu Mungu alikuwa naye, kisha natoka nje. Nyumba imegawanyika, wengine wako na ami na wengine na mimi, hata deni la tiketi ambalo ndugu yangu aliliacha kwa mzee mmoja wa Bondeni hakuna anayelizungumza.

La pili ndilo laninyima usingizi. Baada ya mazishi nilimpigia mama yule kumshukuru. Nikamuuliza: wewe kila siku waona watu wakifa, na Mungu humuamini kama tumuaminivyo sisi, hao watu waenda wapi? Akasema, "Sijui. Ninachojua ni kwamba jana yake aliomba barafu ya kulamba, nikamletea." Akaniambia kila asubuhi husoma maneno matano: kwamba atazeeka, ataugua, atakufa, ataachana na wote awapendao, na kwamba matendo yake ndiyo mali yake pekee. Na alikuwa mchangamfu, Shangazi! Mtu mwenye raha yake.

Mimi niliyefundishwa pepo na moto tangu chuoni, naamka naona makontena yakishuka melini na mengine yakipanda, najiuliza ya nini yote haya. Naswali nikiwa mkavu. Yawezekanaje yeye asiyejua waendako awe na maana ya maisha, nami nijuaye niwe mtupu? Je, nimeanza kukufuru?

Mtupu, Kisauni

*

Wa alaykumu salaam mwanangu. Mungu amrehemu ndugu yako.

Mwambie mama yako, tena wiki hii. Mzazi aliyefiwa na mwana ng'ambo, mwili hakuuona, kaburi hakulifikia, hakubakiwa na kitu ila kuyafikiria yale masaa ya mwisho. Ukimficha atayajaza mwenyewe, na atakayoyajaza ni mabaya kuliko yaliyotokea: mwanawe yu peke yake chumbani, aita maji, hapana wa kumsikia. Wewe ukweli unao, na ukweli wenyewe ni mzuri. Alikuwa na mtu. Barafu aliletewa. Yasini ilisomwa sikioni pake. Mpe yote hayo kama yalivyo, na hilo la midomo usilitie chumvi ukasema shahada ilisikika. Mama akitaka kulifasiri mwenyewe, mwachie.

Ami yako simvunjii heshima, nawe usimvunjie. Mtangulie, umwambie kwa adabu kwamba unakwenda kuzungumza na mama. Hiyo ni taarifa, ruhusa huombi. Akikuletea lile la mwanamke kafiri, muulize taratibu kama manesi waliomgeuza marehemu kitandani na kumbadilishia shuka walikuwa wanaume wote, na Waislamu wote. Ajabu yetu watu wa Mwambao ndiyo hii: mwenye kumdunga mgonjwa sindano hatumuulizi dini, mwenye kumshika mkono twamtaka alete nasaba.

Na kuhusu kifo kuharibika, mimi si mwanachuoni. Lakini yupo mwanachuoni aliyemuona ndugu yako kwa macho yake, naye ni yule imamu. Ichukue nambari yake kwa mama yule yule, umuunganishe na mama yako kwa simu, na ami awe hapo hapo anasikia. Atamaliza mabishano ambayo mimi kwenye safu hii sitayamaliza.

Sasa tuje kwa huyo mama wa kipara, maana naona amekushughulisha kuliko ami.

Kazi yake si ya kubahatisha. Katika hospitali za Marekani, chaplaini ni mmoja wa wahudumu kama walivyo watu wa maabara na famasia. Huzunguka wodi akaingia kwa Mkristo, kwa Myahudi, kwa Muislamu na kwa asiye na dini, na kanuni za kazi zamkataza kumvuta mgonjwa upande wa imani yake. Mafunzo yake sehemu kubwa hufanyika wodini penyewe: hatua moja haipungui saa 400, na anayetaka kuidhinishwa kikamilifu huwa amepitia hatua kama hizo nne. Kwa hivyo ndugu yako aliposema "hanihubirii" alikuwa akilisifu sharti la kazi, ingawa kwa nilivyosoma barua yako, kwa mama huyu lilikuwa limeshapita kuwa sharti.

Wabudha wana historia yao katika jambo hili. Mwaka 1987, ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza vijana wa San Francisco, Wabudha wa mji huo, wafuasi wa Zen, mojawapo ya njia za dini hiyo, walianzisha Zen Hospice Project. Frank Ostaseski, mmoja wa waasisi, na wenzake walikuwa wakiwafunza watu wa kujitolea kukaa na wanaokufa, wakiwemo wasio na makao na waliokimbiwa na jamaa zao. Sisi wa umri wangu hapa Mombasa twaikumbuka miaka ile. Kulikuwa na nyumba ambazo mgonjwa alisukumiwa sahani kwa ncha ya mguu, na zilikuwa nyumba za watu wa dini.

Chanzo chenyewe ni cha kale zaidi. Vitabu vya Wabudha vyasimulia kwamba Budha, mwasisi wa dini yao, alimkuta mtawa mmoja anaharisha, amelala katika uchafu wake, na wenzake wamempita. Budha akamwaga maji, mwanafunzi wake Ananda akamuosha, wakambeba wawili hao wakamlaza kitandani. Kisha akawakusanya watawa akawaambia kwamba atakaye kumhudumia yeye, na amhudumie mgonjwa. Najua hapo umeshaikumbuka ile hadithi kudusi tuliyosomeshwa, Mwenyezi Mungu akimwambia mja Siku ya Kiyama: niliumwa, hukuja kunitazama.

Lile jibu lake la "sijui" lilikukera, nami nataka ulitazame tena. Kulikuwa na mwalimu wa Zen huko Marekani akiitwa Bernie Glassman, aliyefariki mwaka 2018, ambaye kabla ya kuwa mwalimu alikuwa mhandisi wa mambo ya anga. Yeye na wenziwe waliweka misingi mitatu ambayo baadaye ilienea sana katika kuwafunza machaplaini wa Kibudha. Wa kwanza ni kutojua, yaani kuingia chumbani bila fikra ulizozibeba kutoka nje kuhusu huyu mgonjwa ni nani na anahitaji nini. Wa pili ni kushuhudia: ubaki na mtu, furaha yake na maumivu yake, bila kukimbia wala kuyafunika kwa maneno. Wa tatu ni tendo linalozaliwa na hayo mawili.

Hebu irudie barua yako mwenyewe. Hakujua familia ya Kiislamu hupenda nini saa ile, na hakujifanya anajua, akakupigia kukuuliza. Alikaa mpaka mwisho. Aliweka simu sikioni, na jana yake alileta barafu. Angekuwa mjuzi wa kila kitu, huenda angemsomea maombi yake mwenyewe na Yasini yako isingefika.

Kuhusu mauti yenyewe, maneno yale matano si uganga wala si kuita kifo, kama najua atakavyosema ami akisikia. Ni mafundisho ya Budha, na aliwataka watu wa kawaida wayatafakari mara kwa mara, wake kwa waume, si watawa pekee. Shabaha ni mtu asije akashtuliwa na kitu alichokuwa akikijua tangu mwanzo. Wana kisa cha mwanamke aitwaye Kisa Gotami aliyefiwa na mtoto wa pekee. Akawa azunguka na maiti akiomba dawa. Budha akamtuma alete chembe za haradali, ila zitoke nyumba ambayo hapajafa mtu. Akabisha mlango baada ya mlango. Haradali kila nyumba ilikuwa nayo. Huyu kafiwa na baba, huyu na mke, huyu na mwana. Jioni alimpeleka mtoto makaburini mwenyewe. Mimi hukipenda kisa hicho kwa sababu Budha hakuanza kwa hotuba. Alimpeleka kwa majirani.

Haya ya kukumbuka mauti wala si mageni kwetu. Mtume ametuhimiza tulikumbuke kwa wingi lile likatalo ladha zote. Na lile neno lao la tano, la matendo, ukiliweka kando ya hadithi ya maiti kufuatwa na vitatu, watu wake, mali yake na amali yake, viwili vikarudi na kimoja kikabaki naye, utaona kwa nini ndugu yako hakuhisi yuko na mgeni.

Lakini sitakudanganya kwamba yote ni mamoja. Budha hakufundisha kuhusu Mungu muumba wala siku ya hesabu. Wao wasema ndani ya mtu hamna nafsi isiyobadilika, kuna mfululizo wa sababu na matokeo tu unaoendelea baada ya kifo hadi maisha mengine. Wabudha wa Tibet huhesabu mpaka siku 49 kati ya kufa na kuzaliwa tena, na huwasomea maiti wao katika muda huo. Wa Zen wengi hawalishughulikii sana hilo, na wa nchi za Magharibi wapo wasiojifunga nalo kabisa. Hapo njia zaachana. Wewe una yako, baki nayo.

Umeuliza maana ya maisha yeye huipata wapi. Kwa Mbudha, maana si zawadi inayongoja mwisho wa safari. Kwa kuwa kila kitu chapita, mgonjwa huyu hatarudi tena na saa hii hairudi, basi kumpunguzia maumivu sasa hivi ndiyo kazi, na wapo wanaoweka nadhiri ya kuifanya kazi hiyo kwa viumbe vyote bila kikomo. Kwa hivyo barafu ile kwake haikuwa jambo dogo alilolitaja kwa kukosa la kusema. Alikuwa akikujibu swali lako.

Na hapa ndipo nionapo tofauti yenu wewe na yeye. Usidhani ni kwamba imani yake imejaa na yako imevuja. Msiba huu yeye aliufanya kwa mikono, wewe ulikufikia kwa simu. Hukumgeuza kitandani, hukumuosha, hukubeba jeneza, hukutia mchanga kaburini. Sisi watu wa huku kufiwa kuna kazi zake, na kazi hizo ndizo hutubeba siku za mwanzo: huyu kaenda kununua sanda, yule anatandika mikeka, wengine wako jikoni. Wewe ulifanya tendo moja tu, kutuma ile Yasini, na hilo moja ndilo ami amekutaka ulifiche. Vipi usiwe mtupu?

Kukufuru hujakufuru. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho latoka machozi na moyo wahuzunika, wala hatusemi ila lenye kumridhisha Mola wetu. Swala iliyo kavu ni swala, endelea nayo. Ila ukiona miezi yapita hulali, huli, au mawazo ya kujitoa roho yakikupitia, usingoje barua yangu nyingine. Mwambie mkeo siku hiyo hiyo, uende hospitali ukamuone daktari, kama ambavyo ungekwenda kwa homa.

Kuhusu kazi ya mikono, ipo tele mjini humu. Nenda ukazuru wagonjwa, Jumamosi moja moja ukiwa huna zamu, katika Hospitali Kuu ya Pwani au kwa jirani wa mtaani kwenu. Tuna Coast Hospice pia, inayowahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, wengi wao wenye saratani kama ya ndugu yako. Waulize kama wanapokea watu wa kujitolea. Usiende na mawaidha. Wagonjwa wetu wamechoshwa na mawaidha, kila anayeingia amebeba aya na dawa ya mitishamba. Keti, muulize anataka nini, na akisema hataki kitu, keti vile vile. Hilo laweza kukaa ndani ya dini yako bila kubanana na chochote.

Mama yule umeshamshukuru. Mama yako akishajua, na akitaka kuzungumza naye, wewe ndiye mkalimani wao, usimwachie mtoto wa shule kazi hiyo.

Limebaki hilo deni la Bondeni, ulilolitaja katikati ya mambo mengine kana kwamba ni dogo. Marehemu hana mkono wa kulipa, wewe unao. Nenda kwa mzee huyo Ijumaa baada ya swala, umuulize ni kiasi gani, mpatane utalipa kwa mafungu gani, na ami umwombe achangie. Nadhani hilo hatalikataa, na huenda likawa ndilo jambo la kwanza mtakalokubaliana tangu msiba.

Shangazi